Matundu ya Upande wa Upepo

Jumanne hiyo Nestory Tadei alivaa shati la kanisani kwenda kazini. Mkewe Cornelia alimwuliza mara mbili kama hajachanganya siku. Nestory akajibu kwamba mtu haendi kuona kazi ya bintiye ikijaribiwa huku kifuani ana zege la juzi, na tena shati lenyewe lipigwe pasi mpaka kola. Alitoka mtaani kwao Kizwite kwa miguu, mwendo wa kijana, na kila aliyemsalimia njiani alielezwa, atake asitake, kwamba leo saa nne moshi utapanda.

Jengo lilikuwa la kampasi mpya ya chuo kikuu, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Ghorofa nne za matofali ya kuchoma zilizunguka uwazi mmoja mkubwa uliotoka sakafuni hadi kwenye paa la vioo. Ramani iliuita ukumbi wa kati. Mafundi waliuita Kisima, kwa kuwa ukisimama chini ukatazama juu unaiona mbingu kwa mbali, nawe unajiona umetumbukia. Nestory alikipenda Kisima kuliko kitu chochote alichowahi kujenga katika miaka thelathini na moja ya kushika mwiko, na hakuona aibu kulisema hilo.

Aliyebuni namna jengo litakavyopata hewa na mwanga alikuwa binti yake, Justa, mhandisi wa miaka ishirini na tisa. Msimamizi wa mafundi wa matofali alikuwa Nestory mwenyewe. Kwa mwaka mmoja na nusu, basi, baba alikuwa akipokea maelekezo kwa mtoto. Nyumbani Justa alipiga goti na kusema shikamoo baba. Kazini Nestory alivua kofia na kusema habari za asubuhi injinia, tena kwa sauti, ili hata waliosimama mbali wasikie mwenye cheo ni nani.

Na mpango wenyewe wa Justa ulikuwa hivi. Hakuna feni, hakuna mashine ya kula umeme. Jua la Ufipa linapasha hewa ya juu, chini ya vioo, nayo inatoka kwenye vifuniko vya paa vinavyofunguka upande wa magharibi. Chini, ukuta wa mashariki una matundu kumi na mawili yanayoleta hewa safi. Hewa hiyo inapita kwanza kwenye mtaro wa chini ya sakafu, katikati ya mawe, inapoa wakati wa joto na kupata uvuguvugu wakati wa baridi, ndipo iingie Kisimani na madarasani. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kuonyesha kwamba jambo hilo linafanyika kweli, si kwenye karatasi tu.

Kamati ya ujenzi ya chuo ilifika na mwenyekiti wake, Daktari Bertha, mama mrefu asiyependa maneno mengi. Injinia Obed, mkuu wa kampuni iliyojenga, alisimama pembeni yake akiwa na kofia mpya nyeupe. Justa aliweka mkebe wa moshi katikati ya sakafu. Alikuwa na mikebe mitatu tu, aliyoagiza kutoka Dar es Salaam. Akavuta kipini, akarudi nyuma, akatazama juu. Nestory naye akatazama juu, na mafundi wote wakatazama juu.

Moshi ukatoka, wa rangi ya chungwa, mzito. Ukajitandaza sakafuni, ukafika magotini. Ukafika kiunoni mwa Daktari Bertha, na hapo ukatulia kabisa, kana kwamba umeitiwa kikao. Watu walianza kukohoa. Katibu wa kamati akajifunika uso kwa faili, na Injinia Obed akamshika mwenyekiti mkono kumtoa nje, akisema kwa upole wa kuumiza:

"Mama, pole. Mimi nimewahi kujenga majiko ya shule yanayotoa moshi kuliko hili."

Vibarua walicheka, kwa sababu mkubwa katania. Yonas, fundi mwenzake Nestory, alicheka pia, kisha akamwona Nestory na kujifanya anakohoa. Justa alibaki ndani ya ule moshi wake peke yake, mikono imening'inia, macho bado yako kwenye paa.

Nje, Daktari Bertha alimwuliza, "Injinia Justa, tatizo ni nini?"

"Sijalijua bado."

"Utalijua lini?"

"Nipeni siku mbili."

Obed alikuwa na lake tayari, na ilionekana halikuzaliwa asubuhi hiyo. "Mwenyekiti, Ijumaa lori za zege zinakuja kwa kazi nyingine. Nondo ninazo. Tuuzibe huu uwazi, tumwage sakafu kwenye kila ghorofa. Tunapata madarasa sita zaidi, tunafunga mashine za hewa, yanaisha."

"Na umeme ukikatika?" aliuliza Justa.

"Tutawasha jenereta, mdogo wangu. Dunia nzima wanafanya hivyo."

Daktari Bertha alikunja mwavuli wake. "Alhamisi saa nne narudi. Moshi ukipanda, jengo linabaki kama lilivyo. Usipopanda, Ijumaa mmwage zege."

*

Hapa inabidi niseme jambo ambalo Nestory asingependa lisemwe.

Wiki tatu nyuma, Yonas alikuwa amesimama upande wa mashariki wa jengo, koti limefungwa hadi shingoni, akamwambia mbele ya vibarua, "Mzee Nestory, binti yako amesahau kuziba. Matundu kumi na mawili, na yote yameuangalia upepo." Wakacheka. Nestory alicheka nao, lakini maneno yalimwingia. Kwani ni nani wa Ufipa anayeacha tundu upande unakotoka upepo? Nyumba za huku, hata yale matundu madogo ya juu ya madirisha yamejazwa magunia na matambara. Mwenye nyumba akihamia, kitu cha kwanza anamwita fundi aje azibe. Nestory mwenyewe alikuwa ameziba nusu ya mji.

Alimwuliza Justa. "Injinia, yale ya mashariki tunayaziba lini?" Justa alikuwa na simu sikioni na ramani mkononi. Akacheka, akasema, "Hayo hayazibwi, baba," akaendelea na simu yake. Nestory akahitimisha kwamba mtoto amesomea Dar es Salaam, mahali watu wanapotamani upepo, na baridi ya kwao ameisahau. Akaiona Juni ya kwanza, wanafunzi wakitetemeka na makoti, wakubwa wakiuliza nani alichora haya. Moyo ukamuuma kwa ajili ya bintiye.

Basi Jumapili moja baada ya misa aliingia na funguo zake. Kila tundu lilikuwa na kona chini ya ukuta ili mvua isiingie, hivyo ukichungulia huoni upande wa pili. Kwenye kila kona alijenga kaukuta kadogo ka tofali, akakapiga lipu. Vyuma vya wavu vinavyofunika matundu, vya nje na vya ndani, alivirudisha kama vilivyokuwa. Ilikuwa kazi safi. Alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyetoa zawadi bila kuandika jina, na Jumanne moshi ulipolala haikumpitia kichwani hata kidogo kuwa tofali zake zinahusika. Moshi si hupanda wenyewe? Aliamini kosa liko juu.

Justa pia aliamini hivyo. Jumatano alishinda kwenye paa na vijana wawili, akipima vifuniko kimoja kimoja. Alichoma mkebe wa pili, moshi ukalala vilevile. Alipita kwenye matundu, akashika karatasi laini mbele ya kila chuma, na karatasi haikutikisika. Akaona hiyo ni dalili kwamba huko juu hakuna kinachovuta.

Jioni alirudi Kizwite pua imeungua jua. Cornelia alikuwa amepika ugali na migebuka ya Kabwe, samaki ambao siku nyingine Justa huwala mpaka mfupa. Hakugusa.

"Kula, mama," Nestory alimbembeleza. "Huo moshi una ukaidi gani?"

Justa alimtazama. Alikuwa na tabia, tangu mdogo, kwamba akianza kueleza kitu huzuni inamtoka. Akasogeza sahani. "Baba, wewe unalijua hili kuliko mimi. Tanuri lako la matofali. Ukiwasha, midomo ya chini unaiachaje?"

"Wazi. Mpaka moto ufike juu."

"Na ukiiziba kabla?"

"Moto unalala. Tofali za juu zinabaki mbichi, unapata hasara."

"Kwa nini unalala?"

"Si umekosa pa kuvutia." Nestory alijibu haraka, kama mtu anayeulizwa jina lake, kisha tonge likabaki hewani.

"Ndiyo hivyo hivyo," Justa aliendelea, macho yanang'aa sasa, anachora mezani kwa kidole. "Kisima ni tanuri. Moto wake ni jua. Cha juu hakitoki kama cha chini hakiingii. Yale matundu ya mashariki ndiyo midomo. Upepo unaotutesa sisi mwaka mzima, ndio nimeuajiri. Siku ukiingia, baba, utaona watu mia tatu wamekaa humo Oktoba na hakuna anayejipepea. Ila sasa sijui juu pana nini, kwa kuwa chini kote ni wazi."

Nestory aliweka tonge chini. Alikuwa amechoma matanuri zaidi ya mia mbili maishani mwake. Katika mji ule yeye ndiye wa mwisho kuhitaji kuelezwa jambo hilo, na ndiye aliyekuwa ameziba. Alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa. Akasema, "Pilipili imekolea," na Cornelia, ambaye hakuwa ameweka pilipili, akamwangalia.

Nestory alimfuata jikoni. Cornelia akasema, "Baba Justa, ile suruali yako ya misa niliifua ina saruji magotini. Nikasema labda umesaidia kanisani."

Akamweleza. Cornelia alisikiliza akiwa ameshika sufuria, na mumewe alipomaliza alikaa juu ya ndoo.

"Nenda umwambie."

"Kesho nitawahi. Nitayavunja kabla hawajafika. Moshi utapanda, naye ataona ni kazi yake imejirekebisha. Hakuna atakayejua."

"Ulifanya kwa kuficha, na kufumua nako unataka kuficha."

"Atanionaje, Mama Justa? Kesho kutwa anamwagiwa zege kwa mkono wangu."

Cornelia aliweka sufuria chini. Alisema tu kwamba nyundo iko chini ya kitanda.

*

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa getini. Mlinzi, Bundala, aliyekuja Rukwa na ng'ombe wa baba yake na kuishia kulinda majengo, alikuwa mtu wa kula naye viazi kila siku saa nne. Leo hakufungua.

"Mzee wangu, agizo la Injinia Obed. Tangu juzi haingii mtu kabla ya saa mbili."

"Bundala, ni mimi."

"Nakuona. Fungua na begi, samahani."

Nestory alifungua begi mbele ya akina mama waliokuwa wakipita na ndoo za maziwa. Nyundo, tindo, tochi, kofia ya zamani. Bundala alivishika kimoja kimoja, naye aibu ilimjaa usoni kuliko ya Nestory. Wakakaa kwenye benchi, hawakutazamana, mpaka saa mbili.

Chini ya sakafu mtu hupita kwa kutambaa. Nestory aliingia kwa kifuniko kilichoko nyuma ya ngazi na kuanza na tundu la kwanza, na hapo akajilaani kwa ufundi wake. Fundi mzembe angejenga kitu cha kusukuma kwa kiwiko. Kuta hizi alikuwa amezifunga kwa saruji ya kutosha nyumba. Tindo iliteleza, vumbi likamjaa machoni, na kila tofali moja lilimpotezea dakika tano. Lakini la kwanza lilipoanguka, upepo wa mashariki ukaingia kwa kishindo, ukamvua kofia, ukaikimbiza mtaroni kuelekea Kisimani. Mzee wa miaka hamsini na tisa, kalala kifudifudi gizani, akacheka kwa sauti. Unavuta, alijiambia. Huyu mtoto, unavuta kweli.

Akaenda la pili, la tatu. Alisahau saa. Alikuwa amemaliza la tano aliposikia viatu juu ya kichwa chake, viatu vingi, na sauti ya Obed ikiuliza, "Nani anabomoa jengo langu?"

*

Alitokea nyuma ya ngazi akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi soli, nyundo mkononi. Kamati nzima ilikuwa pale. Daktari Bertha alirudi hatua moja. Justa, aliyekuwa ameshika mkebe wa mwisho, alisema polepole, "Baba?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya wakubwa.

"Unafanya nini humo?" Obed aliuliza.

Nestory angeweza kusema anasafisha. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, na wengi pale wangelipokea. Akamwangalia bintiye, akaona jinsi alivyoubana ule mkebe.

"Nabomoa nilichojenga," alisema. "Matundu yote kumi na mawili niliyaziba mimi, ndani kwenye kona. Hakuna aliyenituma. Injinia alisema hayazibwi, mimi nikaziba. Moshi haukukataa. Mimi ndiye niliyeunyima njia."

Yonas, nyuma ya wengine, aliangalia viatu vyake.

"Mwenyekiti umesikia," Obed alisema. "Hujuma. Tena ya baba wa injinia. Mimi naomba tusipoteze muda, lori zimeshaagizwa."

Daktari Bertha alimgeukia Justa. "Nani alikagua matundu hayo?"

"Mimi," Justa alisema. "Nilikagua vyuma vya nje na vya ndani, nikasaini. Sikuingia kwenye kona, kwa sababu aliyejenga ni huyu."

Nestory alitamani Kisima kimmeze. Kwa kufukuzwa alikuwa amejiandaa, ila kwa kusikia kwamba alikuwa ameaminiwa hivyo hakuwa amejiandaa.

Justa aliweka mkebe chini, akamkaribia baba yake. Nestory alisubiri aulizwe kwa nini.

"Yamebaki mangapi?"

"Saba."

"Daktari, naomba saa moja na nusu," Justa alisema bila kugeuka. "Yonas, lete nyundo mbili na tindo. Wewe mwenyewe uje nazo."

Alivua koti lake, akaingia chini ya sakafu na suruali yake ya ofisini. Yonas akamfuata, kisha vijana wawili wa paa bila kuitwa. Mara moja tu Justa, akiwa amelala ubavu kwenye tundu la nane, alisema, "Lipu yako, baba. Hata humu kwenye giza umepiga lipu," na Nestory hakujua kama ni lawama au ni nini, akaendelea kugonga.

Juu, wanakamati walikaa kwenye mbao, wakasubiri kwa kuchoka. Tofali la mwisho la tundu la tisa lilipoanguka, vumbi lilianza kutoka kwenye vyuma vya sakafuni. La kumi, na mafaili ya katibu yakaanza kujifungua yenyewe. La kumi na moja, na Daktari Bertha akashika sketi yake kwa mikono miwili, akainamia chuma kilichokuwa karibu, akaweka kiganja. Alikiacha hapo muda mrefu.

"Upepo huu unatoka wapi?" aliuliza.

"Nje, mama," alijibu kibarua mmoja. "Ni ule wa kila siku."

Saa tano na nusu Justa alisimama katikati ya Kisima, mchafu kuliko kibarua yeyote, akavuta kipini cha mkebe wa mwisho. Moshi ulitoka, ukajitandaza sakafuni. Ukafika magotini. Kisha ukajikunja katikati, ukainuka pamoja, mwembamba kwanza, halafu wote. Ukapita ghorofa ya kwanza. Mafundi walianza kupanda ngazi wakiukimbiza, wengine wakiinama kwenye kingo kuunyooshea vidole, ghorofa ya pili, ya tatu, mtu akapiga mluzi, na kule juu ukakutana na jua, ukawa wa dhahabu, ukatoka kwenye vifuniko vya magharibi kimoja baada ya kingine mpaka sakafu ikabaki tupu na mkebe wake.

Vibarua walipiga makofi, na safari hii hawakungoja mkubwa aanze. Bundala aliacha geti wazi akaja kuchungulia. Justa alikuwa amekaa chini, sakafuni, analia na kucheka, hajui ashike lipi. Nestory alitaka kumkimbilia. Alichukua hatua mbili, akakumbuka alichofanya, akasimama.

"Umetoka wote kwa dakika mbili kasoro," Daktari Bertha alisema, akitazama saa. "Injinia Obed, lori zako zitafutie kazi nyingine. Jengo linabaki."

Obed alikubali haraka, maana hakuwa mjinga. Lakini alikuwa na haki yake, na aliidai. "Sawa, mwenyekiti. Ila kanuni ni kanuni. Fundi anayebadilisha jengo bila ramani anaondoka kazini siku hiyohiyo. Na barua anaandika mhandisi wa jengo."

Watu wote walimwangalia Justa. Alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi, akawa mchafu zaidi.

"Nitaandika," alisema.

"Na wewe utapata ya kwangu, ya onyo," Daktari Bertha alimwambia. "Kwa kusaini usichokiona."

"Ndiyo, daktari."

*

Cornelia alikuwa anaanika nguo alipomwona mumewe anarudi mchana kweupe, begi begani, meno yote nje.

"Nimefukuzwa kazi, Mama Justa."

"Sasa unacheka nini?"

"Ungeuona," Nestory alisema. Akamvuta mkono, akamkalisha kizingitini, akaanza kumweleza, kwa mikono, kwa kusimama, kwa kuinama, moshi ulivyojikunja, ulivyopita ghorofa ya pili, Yonas alivyotambaa. Cornelia alijaribu kusikitika kama ilivyompasa, kwa kuwa kazi ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba, na kazi nyingine ya namna ile Sumbawanga haikuwapo. Hakuweza. Alimwomba arudie pale pa ghorofa ya tatu.

Jioni Justa aliingia, akapiga goti, akasema shikamoo baba kwa sauti ya kawaida. Alikaa mbali kidogo. Akatoa karatasi aliyoiandika kwa mkono, akasema kesho itachapwa, ila anataka baba yake aisikie kwanza.

"Soma," Nestory alisema.

"Kuondolewa kazini. Wewe, fundi Nestory Tadei, kwa nia njema, ukidhani kazi haijakamilika, uliziba matundu kumi na mawili..."

"Simama hapo. Siyo kweli hiyo."

"Baba, hayo maneno yatakusaidia ukitafuta kazi kwingine."

"Najua. Lakini siyo kweli. Nilijua kazi imekamilika. Uliniambia hayazibwi, nikaona mtoto hajui, amekosea, nimfiche watu wasimcheke. Sikukuamini, mama. Ndiyo andika."

Cornelia alisimama mlangoni na upawa.

"Kwa nini hukuniuliza?" Justa alisema, na ghadhabu ya siku tatu ikamtoka yote kwa mara moja. "Siku zote zile, baba. Uliniona nashinda juu ya paa."

"Nilikuuliza. Ulicheka."

"Nilicheka," Justa alikubali. "Niliona vibarua wanatusikiliza. Nikaona nikianza kumweleza baba yangu pale, itakuwa kama namfundisha. Hilo nalo niliandike?"

"Hilo ni la humu ndani."

Akachukua kalamu. Alifuta mstari mmoja, akaandika, akafuta neno, akaandika tena. Cornelia alisema chakula kinapoa na hakuna aliyemsikia. Kisha Justa akasoma, kwa sauti iliyoanza vizuri na kuishia vibaya: "Uliziba matundu kumi na mawili bila ruhusa, kwa kuwa hukuiamini ramani ya mhandisi wa jengo, Justa Nestory, ambayo ilikuwa sahihi."

"Rudia hapo mwisho," Nestory alisema.

"Mhandisi wa jengo, Justa Nestory, ambayo ilikuwa sahihi."

"Tena."

"Baba Justa, si umeshasikia," Cornelia alisema.

"Nimesikia. Arudie."

Akarudia. Nestory alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kofia mapajani, mpaka neno la mwisho.

"Haya," alisema. "Lete kalamu, nisaini."